Mrejesho: picha za mtaani Istanbul, nimerudi Moshi salama

Wakuu habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza kabla ya safari yangu ya kwanza nje, naenda Uturuki, nipigeje picha za watu mtaani bila kuwakwaza na nibebe lenzi gani. Mkasema beba moja tu, 35mm, na salimia kwanza. Asanteni sana aisee.

Pale juu ya daraja la Galata wavuvi wamejipanga na mishipi yao mchana kutwa, nikamsalimia mzee mmoja "merhaba" nikainua kamera kidogo, akakubali kwa kichwa, nikapiga, nikamwonyesha kwenye kioo, akacheka akaniitia chai ile ya glasi ndogo yenye kiuno, lugha hatuelewani kabisa ila tumekaa kama nusu saa namwonyesha picha za Mlima Kilimanjaro nilizopigia nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Moshi, na yeye ananionyesha wajukuu.

Mama mmoja sokoni alikataa kwa mkono, nikashusha kamera, nikaomba radhi.

Feri ya jioni kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, ng'ambo ya pili ya Istanbul, ule mwanga we acha tu.

Ile ya mzee nimeshaiprinti kubwa, ipo sebuleni, na mama kila mgeni lazima amwonyeshe.