Poland na Urusi: mbona matokeo tofauti?

Wakuu, zilipotoka kwenye ukomunisti, Poland iliachia bei (serikali ikaacha kuzipanga) Januari 1990, Urusi Januari 1992. Mbona Poland ilianza kukua tena 1992, ilhali Urusi iliyumba hadi 1998? Swali hili linaninyima raha.

— Mkuu, hawakufanya mambo sawa. Poland ilibana fedha kwelikweli. Urusi, benki kuu iliendelea kuyakopesha mashirika yaliyokuwa yakizama. Mwaka 1992 mfumuko wa bei ukapita asilimia 2,000. Akiba za wazee ziliyeyuka, na hilo mimi siwezi kulisamehe.

— Ongeza mashamba: Poland mengi yalibaki ya familia hata enzi za ukomunisti.

— China je? Miaka ya 1980 bidhaa moja ilikuwa na bei mbili: ya mpango wa serikali na ya soko.

— Hapo umenigusa, ndugu. Ila viwanda vya China viliruhusiwa kuuza sokoni ziada tu, yaani kilichozidi kiwango cha mpango.