"Itasikika tu"?! Huyu fundi anatumalizia santuri!

sindano_kali:
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Yule fundi, mnamjua wote, sina haja ya kumtaja, jana kaulizwa swali la maana kabisa: ninunue kifaa gani nihamishie santuri kwenye kompyuta? Mbele ya umati mzima akajibu, "Chomeka pleya kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, itasikika tu."

Itasikika tu! Hata mbu anasikika!

Katriji ya sumaku, kile kichwa kinachobeba sindano, inatoa milivolti 4 au 5 hivi. Lazima ipite kwenye fono priampu, yaani kikuza sauti cha pleya, ikuzwe kama mara 100 na irudishiwe mizani ya RIAA, kanuni ya kusawazisha besi na sauti kali, maana santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa. Ukiruka hapo besi hakuna, matoazi yanakukereza meno. Halafu tundu la maikrofoni kwenye laptopu nyingi ni mono! Stereo yote kwaheri.

Mtu akamuuliza, "Na priampu je?" Akacheka. AKACHEKA! Eti "hizo mbwembwe za wenye hela." Wakuu, AKACHEKA!

mzee_wa_45:
Mkuu, kunywa maji kwanza. Umeandika kama umefiwa.

waya_mwekundu:
Hasira zake ni halali. Watu wameambukizwa huo ujinga. Mpangilio ni huu: pleya, priampu, intafesi ya USB (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), kompyuta. Kwa bajeti ndogo Behringer UFO202 ina fono priampu ndani na sehemu ya kufungia waya wa ethi. Msichanganye na UCA202, zinafanana kama mapacha lakini hiyo haina priampu ya fono. Na ule waya mwembamba wa ethi ufungeni! Ukiachwa unaning'inia, mvumo wa umeme wa hezi 50 unaingia kwenye rekodi nzima.

kisahani:
Wengine wanakosea upande wa pili. Pleya kama AT-LP120 ina priampu yake na swichi nyuma. Mtu anaiacha kwenye LINE, yaani priampu ya ndani inafanya kazi, halafu anapitisha kwenye priampu nyingine. RIAA mara mbili, besi inavimba, sauti inapasuka, kisha analaumu santuri.

sindano_kali:
Sawa, lakini mmesikia alivyosema? ITASIKIKA TU!

mzee_wa_45:
Tumesikia mkuu. Mtaa wa saba nao wamesikia.

bibi_wa_taarabu:
Afadhali tundu la maikrofoni kuliko zile pleya za kisanduku. Katriji ya seramiki, mkono unakandamiza gramu 5 au zaidi, wakati katriji ya kawaida inataka kama 2. Sindano ikichakaa inalima mfereji wa santuri. Huyo fundi wenu angalau anaharibu rekodi, kisanduku kinaharibu santuri yenyewe.

waya_mwekundu:
Na wanaorekodi mpaka mita inakuwa nyekundu? Kwenye programu ya kurekodi ya Audacity acheni vilele viishie -6 dB, biti 24, mhifadhi FLAC, faili isiyopoteza sauti. Sauti ikishakatwa kichwa hairudi. Mtu anahifadhi MP3 ya 128 halafu anafuta faili mama!

bibi_wa_taarabu:
Hayo madogo. Kuna watu wanafuta santuri za 78, zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika, kwa spiriti! Zile ni shelaki, spiriti inaiyeyusha. Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928, nakala zilizobaki ni za kuhesabu, halafu mtu anakuja na pamba na spiriti. Maji safi yaliyochujwa, tone la sabuni laini, lebo isilowe, kausha. Basi.

kisahani:
Na wanazipiga kwa sindano ya LP, zile santuri za mizunguko 33! Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni 76 hivi, ya LP inazama chini na kukwangua uchafu. Mwenye katriji ya AT-VM95E achomoe sindano aweke ya VM95SP, uzito gramu 5.

mzee_wa_45:
Pleya yangu haina 78. Narekodi kwa 45, naongeza kasi kwenye kompyuta kwa asilimia 73.3. Kuna ubaya?

kisahani:
Upo! Priampu imeshaweka RIAA kwa kasi isiyo yake, na santuri nyingi za 78 hazikukatwa kwa RIAA hata kidogo. Rekodi bila mizani, ongeza kasi, ndipo uweke mizani.

mzee_wa_45:
Mizani ipi sasa? Kila kampuni ilikuwa na yake.

bibi_wa_taarabu:
Fungueni uzi wenu. Hapa tunazungumzia spiriti.