Majirani Lewiston: kura ya Juni 9

Jumapili 24 Mei 2026

Mama Neema: Jamani habari za jioni nyote. Nawakumbusha Jumanne tarehe 9 Juni ni kura za mchujo, kila chama kinachagua mgombea wake. Safari hii ni bunge zima la jimbo letu la Maine kule makao makuu Augusta, wabunge 151 na maseneta 35, na gavana juu yake maana Mills kamaliza vipindi vyake viwili. Nimekutana na watu wengi kanisani na dukani wananiambia mama sisi tutapiga Novemba. Naomba msisubiri Novemba

Baba Imani: Mama Neema si uchaguzi wenyewe ni Novemba 3? Hiyo ya Juni ni ya wanachama wenyewe kwa wenyewe, mimi nilipojiandikisha nilijaza sina chama na sitaki chama

Mama Neema: Baba Imani wewe ndo nakutafuta hasa. Tangu 2024 asiye na chama anaruhusiwa. Ukifika pale unasema nataka karatasi ya Democrat au nataka ya Republican, unapewa moja tu, unapiga, unatoka bado huna chama, hakuna anayekuandikisha popote. Mwenye chama ndo anabanwa na karatasi ya chama chake

Baba Imani: Kumbe. Na wananiletea makaratasi mlangoni kila siku hakuna hata mmoja kaniambia hilo

Kijana wa Saluni: hata mi nlikua sijui na nimezaliwa hapa hapa 😳

Mama Neema: Wengi hawajui. Sasa mnisikilize kwa nini nasumbua watu na Juni. Hapa mtaani mnajua kiti chetu kinaendaga upande mmoja miaka nenda rudi, Novemba ikifika kazi ishaisha zamani. 2022 Mana Abdi alipochaguliwa kwenda bungeni kutoka hapa Lewiston, Novemba hakuwa na mpinzani, yule wa chama kingine alijitoa. Sasa fikiria wewe umesubiri Novemba ndo uje utoe maoni yako, unamchagua nani na nani? Mwaka huu kwenye kiti chetu wako watatu wa chama kimoja wanagombania nafasi, anayeshinda Juni huyo ndo mbunge kwa miaka miwili, na wanaojitokeza Juni ni wachache mno, ni wale wazee wa mitaa ya juu ambao hawakosi. Wao wanatuchagulia na sisi tunabaki kulalamika humu kwenye grupu

Da Rehema: Kweli kabisa, kama kule nyumbani Kenya, kwenye ngome ya chama ukishinda mchujo umemaliza, uchaguzi wa Agosti ni kukamilisha tu

Mzee wa Uvira: Jambo kwenu wote. Mama Neema aksanti. Mi nauliza, niliona ile karatasi ya mara ya mwisho iko na mistari mingi, chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Nikaogopa kuiharibu nikaacha nafasi nyingine zote wazi. Ni vibaya?

Mama Neema: Shikamoo mzee. Si vibaya, kura yako ilihesabiwa. Ila uliiacha nguvu nyingine mezani. Iko hivi, majina yamepangwa kwenda chini, na juu kuna safu, chaguo la 1, la 2, la 3. Vile viduara vidogo unavijaza wino, usiweke tiki wala X. Unayempenda kuliko wote jaza duara lake chini ya safu ya 1. Wa pili wako safu ya 2. Wakihesabu, kama hakuna aliyevuka nusu, yule wa mwisho anatolewa, na waliomchagua yeye kura zao zinahamia kwa chaguo lao la pili. Wanaendelea hivyo mpaka wabaki wawili

Mzee wa Uvira: Na kama nampenda mumoja tu, nijaze yeye safu zote tatu?

Mama Neema: Hapana mzee, haimwongezei kitu. Inahesabika mara moja. Akitolewa yeye kura yako imekwisha. Na usijaze watu wawili kwenye safu moja, hiyo ndo inaharibu. Ukikosea usifutefute, irudishe kwa wale wasimamizi wanakupa nyingine

Baba Imani: Mi huo mpango siuamini sana nyie. Mtu anaongoza halafu mwishoni anashinda mwingine?

Kijana wa Saluni: baba Imani yule jared golden si alishinda ivo 2018 kwenda bunge la washington? mpinzani wake poliquin alikua mbele raundi ya kwanza, hakufika nusu, wakagawa kura za wale wagombea wawili wadogo golden akapita. mtu wa hapa hapa lewiston na kabla ya hapo alikua mbunge wa jimbo augusta

Baba Imani: Hiyo nakumbuka, Poliquin akaenda mpaka mahakamani

Kijana wa Saluni: na akashindwa

Mama Neema: Na ngojeni niwaambie kitu ambacho kinachanganya watu. Kupanga hivi moja mbili tatu kwa bunge la jimbo na gavana ni kwenye mchujo tu. Novemba kwa viti hivyo hupangi, mwenye kura nyingi kachukua hata kama hakufika nusu, maana katiba ya Maine ndo imeandikwa hivyo na majaji wa mahakama ya juu walishasema 2017. Novemba tutapanga kwa watu wa Washington, seneta na mbunge wa kule. Kwa hiyo ile nafasi ya kusema namtaka huyu, akikosa basi yule, kwa mbunge wetu wa Augusta iko Juni peke yake

Da Rehema: Swali. Mimi nina grinikadi bado, uraia naomba mwakani Mungu akipenda. Kuna ofisi moja nilienda mwezi uliopita kufanya mambo ya leseni, dada wa dirishani akanisukumia fomu akaniambia jaza na hapa, nikaona imeandikwa mambo ya kujiandikisha kupiga kura. Nikamwambia mi sio raia, akasema eti ruka tu hiyo sehemu weka saini. Nikakataa nikamrudishia. Nilifanya vibaya?

Mama Neema: REHEMA MDOGO WANGU ULIFANYA VIZURI SANA

Mama Neema: Hili naomba kila mtu alisome mara mbili na awasomee wazazi wasiosoma. Kama wewe sio raia, uwe na grinikadi, uwe na hifadhi (asylum), uwe unasubiri kesi, uwe na kibali cha kazi, USIPIGE KURA na USIJIANDIKISHE. Hata ukiambiwa na mtu wa ofisi. Hata mgombea mwenyewe akuambie. Hata fomu ije imeshajazwa jina lako. Palipoandikwa je wewe ni raia wa Marekani jibu ni HAPANA na usiweke saini. Ukisema wewe raia na sio raia, hata kama ulikosea tu, siku unaomba uraia wanalitoa hilo jambo, na kuna watu wanafukuzwa nchi kwa sababu hiyo. Hakuna mbunge duniani anayestahili uhatarishe watoto wako

Mzee wa Uvira: Amina. Hiyo mama uisemeshe tena kwa voisi, ba mama wengi hapa hawasomi

Mama Neema: Ntairekodi usiku huu mzee

Da Rehema: Sasa sisi tusio raia tunakaa tu tunaangalia? Maana haya mambo ya Augusta ndo yanatugusa zaidi sisi kuliko hata nyinyi mnaopiga

Mama Neema: Hukai. Unaweza kubisha hodi milangoni na mgombea, unaweza kumtafsiria, unaweza kupeleka watu na gari. Na bunge jipya likiapishwa Desemba, kuanzia Januari wanasikiliza miswada, mtu yeyote anaruhusiwa kwenda Augusta kutoa ushahidi au hata kwa Zoom ukiwa jikoni kwako, hawakuulizi uraia, unasema jina lako na mji unaokaa

Da Rehema: Hapo umenipa moyo. Maana mi nina la kusema kuhusu GA, ule msaada wa mji (General Assistance) kwa wasio na kitu. 2019 sisi ni wale tuliolala pale Expo, ukumbi wa michezo kule Portland, vitanda vya kukunja mstari hadi mstari uwanja wa basketi mzima, taa haizimwi vizuri, mwanangu ana miezi minane kila mtoto mmoja akilia wanaamka mia. Watu wengi Wakongo na Waangola. Kazi tunaitaka na mikono tunayo ila wakati ule kibali cha kazi unakiomba siku 150 zimepita tangu upeleke ombi la hifadhi na hukipati kabla ya 180. Miezi hiyo yote kodi analipa nani? Ndo GA. Julai ile ile serikali ya Augusta ilibadilisha kanuni watu wa hifadhi tukaingizwa, la sivyo sijui tungekuwa wapi. Na GA mji unatoa halafu jimbo linarudishia asilimia 70, kwa hiyo anayekaa Augusta akiamua kukata, meya wetu hapa hana cha kufanya

Baba Imani: Rehema pole sana. Mi nilikuja kabla, enzi za gavana LePage, yeye alitaka miji isiwape kabisa watu wa hifadhi. Hayo nayajua

Baba Imani: Ila na mimi niseme langu. Mimi nalipa kodi ya nyumba sa hivi na inapanda, na nataka mbunge atakayeniambia ukweli kuhusu hilo, sio kuja kupiga picha na sisi siku ya sambusa halafu hatumuoni miaka miwili. Huyo mmoja wao alikuja kwangu Machi akaniomba dola 5. Nikamwambia kwetu mgombea ndo anatoa, we unaniomba mimi? Nikamfungia mlango

Mama Neema: 😂 Baba Imani hiyo dola 5 haiendi mfukoni kwake. Ni ule mfuko wa Clean Election. Mgombea wa bunge akikusanya watu wasiopungua 60 waliojiandikisha kwenye eneo lake kila mmoja katoa dola 5, jimbo linampa hela ya kampeni na yeye anakatazwa kuchukua hela za matajiri na makampuni. Wa seneti anatafuta 175. Ndo maana mtu wa kawaida, mlezi wa wazee kama mimi au mwalimu, anaweza kugombea bila kumpigia mtu magoti

Baba Imani: Sasa hapo mbona hakunieleza? Alisema dola 5 for clean nikadhani ni usafi wa mtaa

Kijana wa Saluni: 😂😂😂

Mama Imani: Mnacheka mume wangu. Mi nina swali la mtoto. Imani anatimiza 18 Oktoba 11, Juni atakuwa bado 17. Anaenda na sisi au anabaki?

Mama Neema: ANAENDA. Maine ukiwa 17 na utakuwa 18 ifikapo siku ya Novemba, mchujo unapiga. Na kwa kuwa ni raia aje na kitambulisho na karatasi yoyote inayoonyesha anakaa hapo, wanamwandikisha siku ile ile pale pale. Hiyo ya kujiandikisha siku ya kura 2011 bunge liliifuta, wananchi wakakusanya saini wakairudisha kwa kura Novemba ile ile. Na juzi Novemba 2025 walitaka kubana tena mambo ya vitambulisho na kura za bahasha, watu wakakataa

Mama Imani: Aki nafurahi. Atajidai huyo

Mzee wa Uvira: Mi macho haione vizuri na kingereza ya ile karatasi inanishinda. Mjukuu anaweza kuingia na mimi?

Mama Neema: Anaweza mzee, unamchagua mwenyewe wa kukusaidia. Anayekatazwa ni bosi wako wa kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi wako. Mjukuu ruksa. Mwambie tu msimamizi mlangoni. Na nyote msivae fulana wala kofia ya mgombea siku hiyo, ndani hairuhusiwi, na kampeni mwisho futi 250 kutoka mlangoni

Kijana wa Saluni: wa usiku je? mi na dada tunatoka kazi saa 1 asubuhi tunalala mpaka jioni

Mama Neema: Vituo vinafungwa saa 2 usiku, mkiwa kwenye foleni saa 2 hamfukuzwi. Ila nyie wa shifti nendeni City Hall wiki hii hii kwa karani, unapiga hapo hapo unamaliza, hawakuulizi sababu. Au omba bahasha nyumbani, mwisho wa kuomba ni Alhamisi tarehe 4, na iwe imerudi kwa karani kabla ya hiyo saa 2 usiku tarehe 9. Msiitumbukize posta siku mbili kabla mkategemea itafika

Kijana wa Saluni: basi kesho kutwa naenda, kesho ni memorial dei wamefunga

Mama Neema: Sawa sawa. Sasa magari. Mimi nina siti sita, asubuhi saa 3 na jioni saa 11. Nani mwingine?

Baba Imani: Mi nina ile van. Jioni kuanzia saa 10 niandikeni. Mzee nakuchukua mlangoni na mjukuu

Da Rehema: Na mimi ntaendesha, siingii ndani, nasubiri kwenye maegesho na watoto wa watu. Wenye siti za watoto leteni mniachie asubuhi

Mama Neema: Mungu awabariki. Halafu yule wa dola 5 kasema Jumamosi anapita jengo letu tena mlango kwa mlango kuanzia saa 4 asubuhi. Baba Imani mfungulie

Baba Imani: Namfungulia na namwekea kiti. Nina mambo mawili ya kumuuliza, kodi ya nyumba, na hiyo asilimia 70 ya Rehema atailinda au hailindi. Rehema njoo na wewe umwambie ya Expo kwa mdomo wako

Da Rehema: Nakuja. Ntakaa ghorofa ya pili kwa mama Neema, mkinigongea nashuka