Mama na kikundi cha ukulele: nimsukume au nimwache?

Binti_Machame: Wakuu, habari za jioni. Naishi Leicester, Uingereza. Baba alipofariki tulimleta mama akae nasi. Mchana kutwa yuko peke yake, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Maktaba ya mtaani kwetu ina kikundi cha ukulele, kale kagitaa kadogo, kila Jumanne, wengi wao wastaafu. Mama aliimba sauti ya pili kwaya ya usharika, lakini tangu aje huku sijamsikia akiimba hata jikoni. Nimemgusia, akasema vidole vimekakamaa. Nimpeleke, au nitakuwa namlazimisha?

Mzee_wa_Solo: Mpeleke. Mimi ni mpiga gitaa wa siku nyingi. Ukulele una nyuzi nne tu za nailoni, haziumizi vidole kama za chuma. Kodi (chords, yaani sauti zinazopigwa pamoja) za kuanzia ni rahisi: C ni kidole kimoja, A maina kimoja, F viwili. Kwa hizo tu ataanza kufuatana na wenzake. Kwa vidole vyake asichukue saizi ndogo ya soprano, achukue ya konseti, nafasi ni pana kidogo. Na usinunue kabla hujauliza kama wanaazimisha.

Nesi_Ughaibuni: Dada, lugha isikutishe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima: kuimba, kazi za mikono na uandishi. Mwishowe wote walizoeana, ila waimbaji waliwahi. Mgeni anahitaji hasa huko kuwahi, maana wengi hukata tamaa wiki za mwanzo. Viungo vikivimba au kuuma, aonane na daktari kwanza.

Shangazi_wa_Pangani: Mwanangu, usimpeleke kama unampeleka kliniki. Mwambie wewe ndiye unataka kujifunza, akusindikize. Akae tu, asikilize. Aliyezoea sauti ya pili, watu wakiimba mbele yake ataishika mwenyewe. Tena nyimbo nyingi za kanisani kwetu tuni zake Waingereza wanazijua. Mwombe kiongozi wapige mmojawapo, kila mtu aimbe kwa lugha yake.

Binti_Machame: Shangazi, hilo la tuni sikuliwaza kabisa! Asanteni sana. Kesho nampigia kiongozi, na Jumanne naomba ruhusa kazini. Mzee wangu, mama anatumia mkono wa kushoto. Nyuzi zigeuzwe?

Mzee_wa_Solo: Zisigeuzwe kwanza. Ashike kama wengine, mkono wenye nguvu ndio utakaobonyeza. Akisumbuka, hapo ndipo mgeuze.