Serenity: miaka yote hii na bado sijawasamehe kwa Wash na Mchungaji Book

Wakuu, heshima zenu.

Kama hujaangalia sizoni ya Firefly, tamthilia ya televisheni ya meli ya anga, pamoja na muvi yake ya Serenity, ishia hapa kwanza, maana nasimulia mpaka nani anakufa. Na mods, naombeni msiuunganishe uzi huu na nyuzi za kusifia muvi za anga. Sijaja kusifia.

Aliyenitonesha kidonda ni mdogo wangu. Jumamosi alikuja kulala kwangu, akataka muvi ya anga, nikamwekea Serenity bila kumwonyesha sizoni kwanza. Tukafika pale Wash, rubani, anapoitua meli ikiwa haina umeme, inaburuzika, inazunguka, vyuma vinang'oka, mpaka inasimama. Wote wazima. Anashusha pumzi, anarudia maneno yake ya jani kwenye upepo, hata hajayamaliza, mkuki mnene kama mlingoti unapasua kioo na kumpigilia kwenye kiti. Zoe, mkewe, anamshika na kumwita, anamwambia inuka twende, kama mtu anayemwamsha mumewe asubuhi. Kapteni Mal anambandua pale kwa nguvu. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi sana na bado koo lilinikaba. Dogo akanigeukia: "Kaka, kwani huyo rubani ndiyo nani?"

Siku ya nne leo sijalala vizuri kwa swali hilo.

Huyo rubani ndiyo nani? Huyo ndiye tuliyemkuta kwenye usukani, sehemu ya kwanza kabisa, akicheza na dinosaria wa plastiki na kuwasemesha kama mtoto. Ndiye aliyemwonea wivu kapteni kwa sababu ya vita ambayo Zoe na Mal walipigana pamoja bila yeye, mpaka akang'ang'ania kwenda naye kazini, wakatekwa wote wawili na kuteswa wakiwa wanabishana kuhusu huyo huyo Zoe. Sehemu 14 zilifanya kazi hiyo ya kutufanya tumpende, polepole, kwa vicheko na ugomvi wa mezani. Halafu muvi ya dakika 119 ikaja, ikampa mistari michache, ikamuua ili watu washtuke. Uchungu wetu ilikuta umeshaandaliwa tayari. Ilikuja kuutumia tu. Mgeni kama mdogo wangu aliambulia mtu asiyemjua amechomwa mkuki.

Kwa wageni wa habari hii, historia kwa ufupi. Firefly ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha Fox nchini Marekani Septemba 2002. Mtunzi wake, Joss Whedon, alikuwa ameshatengeneza sehemu ndefu ya kufungulia, ya saa mbili, inayomtambulisha kila mtu melini. Fox hawakuitaka ianze. Yeye na mwandishi mwenzake Tim Minear wakaandika nyingine wikendi moja, ya wizi wa treni, ndiyo ikafungulia. Ile ya kwanza ilirushwa Desemba 20, 2002, wakati sizoni imeshapigwa chini! Watu walionyeshwa wanavyofahamiana siku ya kuagana. Kati ya sehemu 14, tatu hazikurushwa kabisa na Fox, ikiwemo ile ambayo Inara anamwambia Mal kwamba anaondoka melini. Kwa hiyo aliyefuata kwenye televisheni tu alikuja kwenye muvi akakuta Inara ameshahama, anaishi kwingine, hajui kwa nini.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Mashabiki hawakukubali. DVD zilipotoka Desemba 2003 walizinunua kwa fujo, wakawagawia marafiki, wakawakalisha ndugu zao chini waangalie. Mauzo hayo ndiyo yaliyosaidia kampuni ya filamu ya Universal wakubali kutoa pesa za muvi, kama dola milioni 39. Meli ikajengwa upya kutoka msumari wa kwanza, kwa sababu ile ya televisheni ilikuwa imeshavunjwa. Waigizaji wote tisa wakarudi. Watu waliibeba hadithi hii mgongoni miaka mitatu mpaka ikaingia sinema Septemba 30, 2005. Wakaingia, wakakaa, wakaona shukrani yao.

Sisemi muvi ni mbaya. Mwanzoni kamera inapita ndani ya meli yote, chumba hadi chumba, kama vile haijakatwa, inamfuata kapteni akiongea na kila mtu, na dakika chache tu unajua nani ni nani na nani amemnunia nani. Chiwetel Ejiofor kama yule muuaji mpole wa serikali ya Alliance, sijui kama kuna adui niliyewahi kumheshimu hivyo. Na siri ya Miranda, sayari ambako watu milioni 30 walitiwa dawa hewani ili watulie, wakatulia mpaka wakaacha kula, wakalala chini na kufa, na wachache waliobaki wakageuka Reavers, wale washenzi wa anga wanaokula watu, hiyo ni hadithi nzito mno. Ndiyo maana nina hasira. Siri kama hiyo ilistahili sizoni nzima: minong'ono hapa, maiti pale, tuogope wiki baada ya wiki. Wao wameibana kwenye nusu saa.

Na vilivyobadilishwa je? Kwenye sizoni, Simon ni daktari mwoga wa bunduki aliyetumia mali yake yote kuwalipa watu wa chini kwa chini wamtoroshe dada yake River, akapokea sanduku hata hajui kama yu hai humo ndani. Huo ndio utu wake: kijana wa kitajiri aliyekubali kufilisika kwa ajili ya dada yake. Kwenye muvi anaingia mwenyewe amejibadilisha sura ya mkaguzi, anaangusha walinzi, anamchukua. Wamemgeuza steringi wa ngumi kwa sababu mgeni anapenda kuanza na purukushani. Wale wawili wenye glavu za bluu waliotutisha sizoni nzima hawakutokea hata kwa sekunde.

Najua watetezi watakuja na lile la siku zote: bila kumuua Wash, kwenye pambano la mwisho usingeamini kwamba wengine wanaweza kufa. Sawa, niliamini, nilitetemeka. Lakini hofu ya dakika ishirini nyie watengenezaji mmeinunua kwa mtu ambaye hatarudi tena, na Zoe hamkumpa hata muda wa kulia. Anapigana, anashonwa jeraha, anaonekana kaburini amesimama wima, basi. Na hao wageni mliokuwa mnawapikia hawakuja hata. Muvi iliingiza takriban dola milioni 40 dunia nzima, na sinema zinachukua fungu lao hapo hapo. Muvi ya pili haikutengenezwa. Wenyeji tumevunjiwa nyumba ili kumpisha mgeni, na mgeni hakutokea.

Mchungaji Book, mzee aliyesafiri na meli hiyo, nimemwacha mwisho kwa makusudi. Baada ya ile Jumamosi, dogo aliomba sizoni, tukaanza upya kwa mpangilio sahihi. Jana usiku tumefika pale Mchungaji anapopigwa risasi, daktari hayupo, inabidi wakaombe msaada kwenye meli ya Alliance, maadui wenyewe. Kamanda anawakatalia kwa dharau. Kisha kadi ya utambulisho ya Mchungaji inasomwa, na yule kamanda anabadilika uso pale pale, anaamuru atibiwe haraka. Mchungaji gani wa kawaida ana kadi kama hiyo?

Dogo akasimamisha video. "Kaka, mbona kwenye muvi hawakusema huyu mzee alikuwa nani?"

Nikamkumbusha kwamba kwenye muvi Mal anamwambia ipo siku itabidi amsimulie, mzee anamtazama kimya, halafu anamjibu kwamba hapana, haitabidi. Baadaye wanamkuta amelala kwenye kifusi kijijini kwake, anakata roho na siri yake.

"Kwa hiyo jibu liko wapi?"

Nikamwambia lilikuja 2010 kwenye kitabu cha katuni, miaka mitano baada ya muvi, na Ron Glass hakupata kuliigiza hata sentensi moja mpaka alipofariki 2016.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo kwenye muvi walimuua tu."

Ndiyo. Walimuua tu.