Tutapimaje huduma za afya ya akili Likoni?

Mkaazi wa Likoni: Assalamu alaykum. Kamati yetu ya afya inataka kujua kama huduma za afya ya akili zinawafikia wakaazi, au wagonjwa wengi bado wanafichwa majumbani. Tuanzie wapi?

Muuguzi, Changamwe: Wa alaykum salaam. Anzeni na dawa, kwa sababu mgonjwa anayevuka feri kuzifuata akaambiwa zimekwisha huenda asirudi tena. Kisha kagueni daftari la zahanati mjue, kati ya walioanza matibabu, ni wangapi wanaoendelea kuhudhuria baada ya miezi 6. Idadi ya waliosajiliwa pekee haitoshi kabisa. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) na alama 0 hadi 27, likirudiwa huonyesha kama mtu anapata nafuu.

Mlezi, Kisauni: Tafadhalini, waulizeni na walezi. Zungumzeni pia na maimamu, wachungaji na waganga, maana familia nyingi hupita kwao kwanza.

Mkaazi wa Likoni: Shukrani, dada zangu. Kwa kuwa Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazipa kaunti wajibu wa huduma hizi, matokeo tutayawasilisha kwenye vikao vya umma vya bajeti.