Sala na ugonjwa wa akili: mpaka uko wapi?

Kuna hoja inayorudi kila mara, na naona inawaumiza wengi. Mtu akisimama barabarani akaongea na asiyeonekana, tunasema kachanganyikiwa. Akifumba macho msikitini au kanisani akafanya hivyohivyo, tunasema mchamungu. Basi, wanasema, sala ni dalili ya ugonjwa ambayo jamii imeizoea tu.

Mimi napinga, na sababu yangu imetoka nyumbani.

Kaka yangu alianza na udhu, kule kunawa kabla ya swala. Ataosha mkono wa kulia mara tatu kama sisi sote, kisha anautazama, anaanza upya. Ikafika siku imamu anatoa salamu ya kumaliza swala, yeye bado yuko bombani, viwiko vimechubuka, vidole vimesinyaa. Akiingia kwenye swala, takbira ya kwanza, ile "Allahu Akbar" ya kufungulia, anairudia mara kumi, kumi na tano, akihisi nia haijakaa sawa. Mama akituambia, "Mwacheni, mwanangu anamcha Mungu." Lakini mimi nilikuwa nayaona macho yake. Yule mtu alikuwa anateswa.

Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, aliyaona haya ya kurudiarudia, na mwaka 1907 akaandika kwamba matendo ya ibada yanafanana na matendo ya wagonjwa wa aina hii. Hapo wengi wanaishia. Lakini katika andishi hilohilo alisema pia kuwa ibada ni ya watu wengi pamoja, ilhali ya mgonjwa ni yake peke yake.

Na wenye dini walishaliona hilo zamani. Neno letu wasiwasi limetokana na waswas ya Kiarabu, ule mnong'ono unaomtia mtu shaka, na kanuni ya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, ni kwamba yakini haiondolewi na shaka: umeshatawadha, ukaja kutia shaka, endelea na swala yako. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na wasiwasi akautengea mlango wake.

Daktari wa afya ya akili hakumkataza kaka kuswali. Alimuuliza, "Ukitaka kuacha kuosha, unaweza?" Kaka akalia. Kisha daktari akatugeukia sisi: "Na nyinyi mnatawadha hivi?" Alimpa dawa, na zoezi gumu kuliko dawa: udhu mmoja, bomba lifungwe, akae na ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Nilikuwa nasimama naye pale bombani. Siku za mwanzo alitetemeka.

Kwangu mpaka uko hapo. Sala humwachia mtu nafasi ya kuinuka akaenda kazini, akacheka na wanawe. Ugonjwa humfunga.

Kuna pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, hauihesabu kuwa ugonjwa imani ambayo ni ya kawaida katika jamii ya mtu. Je, jamii nzima ikipotoka? Ndiyo maana mimi sipimi kwa wingi wa watu peke yake. Naangalia mateso, na kama mtu bado anajimudu.

Hata sauti zenyewe si kitu kimoja. Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji wagonjwa 60 wanaosikia sauti, 20 kila mahali, huko San Mateo nchini Marekani, Accra nchini Ghana na Chennai nchini India. Wa Marekani walisimulia zaidi sauti za ukatili. Wa Accra wengi walisema wanamsikia Mungu, na kwamba anawasemesha kwa wema. Wote walikuwa wagonjwa, kwa hiyo kutajwa kwa Mungu hakukutosha kumtambua nani mgonjwa na nani mzima.

Ndugu zangu waumini nao nawalaumu. Kumwambia mgonjwa atupe vidonge kwa sababu ameombewa ni kumweka hatarini. Hadithi inasema kalamu imeinuliwa kwa aliyepoteza akili mpaka zimrudie, yaani haandikiwi dhambi. Dini inakiri kwamba akili huugua. Sisi tunang'ang'ania kila kitu ni jini au pepo. Sisi wenyewe tulipoteza miaka miwili kwa waganga wa mashetani kabla ya kufika kliniki.

Maimamu, wachungaji, wauguzi, na nyinyi mliolea mgonjwa, karibuni: kwenu nani alikuwa wa kwanza kusema "huyu apelekwe hospitali", na ni kitu gani alichokiona?